Saiprasi Ilishapita Hapa Mombasa

Siku hizi nikifungua simu sikosi video ya Saiprasi: ufuo wa Paphos, milima ya Troodos, na mtu anakwambia lazima ufike. Sawa, pazuri. Ndiyo ile Kipro ya Matendo ya Mitume, kwao Barnaba. Karibu na mji wa Larnaca, kando ya ziwa la chumvi ambako flamingo hutua msimu wa baridi, kuna kaburi la Umm Haram, sahaba wa Mtume (s.a.w.). Mkristo ana cha kuzuru, Muislamu naye anacho.

Lakini mimi wa Kipevu, ninayelala na kuamka na honi za meli, nakijua kisiwa hicho kwa jambo jingine.

Machi 1956 Mwingereza, aliyewatawala wao kama alivyotutawala sisi, alimkamata Askofu Mkuu Makarios akiwa uwanja wa ndege wa Nicosia. Kosa lake? Alitaka kisiwa kitoke mikononi mwa Mwingereza kijiunge na Ugiriki. Akaletwa Kenya kwa ndege, akapakiwa melini hapa hapa Mombasa, akapelekwa uhamishoni Shelisheli. Wakati huo Kenyatta naye yuko kifungoni Lokitaung! Na Shelisheli haikuwa jela mpya: Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walipelekwa huko 1901.

Makarios aliachiliwa 1957. Saiprasi ikapata uhuru 1960, yeye akawa rais wa kwanza. Mwaka 1971 alikuja Kenya, mara hii mgeni wa heshima, akabatiza maelfu ya watu. Seminari ya Waorthodoksi kule Riruta, Nairobi, ina jina lake mpaka leo.

Sasa maoni yangu. Ufuo haukusimulii kitu. Saiprasi imegawanyika vipande viwili tangu 1974, na kwenye zile video huoni. Sisi pia, bandari hii tunaijadili kwa kontena na ajira tu, kana kwamba haikuwahi kupitisha watu waliofungwa kwa kudai nchi zao.

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1956 sasa anakaribia 90. Kama una babu aliyefanya kazi bandarini enzi hizo, usingoje Idi wala Krismasi. Nenda leo, mwamkie, umuulize, umrekodi. Saiprasi itangoja. Babu je?