Kabla ya kupiga nikabu marufuku, tuulize barakoa ilitoka wapi

NILIKUWA kwenye kiti cha nyuma ya dereva katika matatu ya kutoka Migori kwenda Homa Bay. Tuliposimama Rongo, akapanda mwanamke aliyevaa nikabu nyeusi. Yalionekana macho tu. Utingo akamwonyesha pa kukaa. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Sasa hili lininja tutajuaje ni nani?” Abiria wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

Tulipofika stendi ya Homa Bay, mwanamke yule alinisubiri niteremke. “Shikamoo mwalimu. Wewe hukunitambua, lakini mimi nilikutambua kwa kicheko.” Alikuwa mwanafunzi wangu wa miaka iliyopita, yule ambaye nikikosea ngeli ubaoni alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Siku hizi ameolewa Kendu Bay na amesilimu. Hakunilaumu. Aliniambia tu, “Yule mzee amenitoa A-WA akanitia LI-YA, mwalimu, na wewe ukacheka.” Kisha akaniuliza swali: “Mwaka wa korona tulipoambiwa sote tuvae barakoa, mbona hakuna aliyeitwa ninja?”

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo, na makala ya leo ni sehemu ya kutafuta huko.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Wakenya wengi walilijua neno barakoa mnamo Aprili 2020, serikali ilipotoa kanuni za kudhibiti Covid-19. Aliyepatikana hadharani bila kujifunika pua na mdomo alikabiliwa na faini ya hadi Sh20,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Wasomaji wangu wengine walidhani neno hilo limebuniwa na wanahabari. La hasha! Barakoa ni neno kongwe la pwani, na asili yake ni burqu', neno la Kiarabu ambalo pia limewapa Wazungu “burqa” yao. Kwa hivyo kilichopigwa marufuku Ulaya na kilicholazimishwa Kenya ni ndugu wa tumbo moja, angalau katika kamusi.

Na Ulaya yenyewe ilijikwaa papo hapo. Ufaransa ilipitisha sheria ya kukataza kufunika uso hadharani mnamo Oktoba 2010, ikaanza kutekelezwa Aprili 2011. Mnamo Mei 2020 nchi hiyo hiyo ikaamuru kila abiria wa basi na treni afunike pua na mdomo. Sheria ya kwanza haikufutwa. Mwanamke aliyefunika uso kwa ajili ya afya alikuwa raia mwema, na aliyeufunika kwa ajili ya dini alikuwa mkosaji, hata kama wameketi kiti kimoja.

Barakoa ya zamani haikuwa vazi la kila mtu. Katika Zanzibar ya karne ya 19 ilivaliwa na wanawake wa tabaka la juu, hasa wa jamii ya Waomani. Sayyida Salme binti Said, bintiye Sultani, ameieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mnamo 1886. Kule Lamu na Mombasa kulikuwa na shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema ambacho bibi alitembea ndani yake akienda ugenini, nacho kimeshikiliwa na wajakazi. Shiraa kwa Kiarabu ni tanga la chombo. Fikiria basi bibi huyo akisafiri mtaani kama jahazi, na wale wanaolibeba tanga lake wakiwa vichwa wazi.

Walikuwa wazi kwa sababu hawakuruhusiwa kujifunika. Hapa ndipo historia yetu inapotofautiana na tunayosimuliwa katika mijadala. Mjakazi wa Zanzibar alijifunga kaniki au merikani chini ya makwapa, na kufunika kichwa mfano wa bibi yake ilikuwa ni kuvuka mpaka. Mwili wake ulikuwa mali ya mtu, na mali huonekana. Utumwa ulipoharamishwa, Zanzibar mnamo 1897 na pwani ya Kenya mnamo 1907, wanawake waliotoka utumwani walikimbilia nini? Walinunua kanga, wakajitanda ushungi. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 wengi wao wakavaa buibui, vazi jeusi ambalo halikuhitaji wajakazi wa kulibeba. Tajiri na maskini wakafanana barabarani. Shiraa ikafa kifo cha kimyakimya, maana nani angeibeba?

Sisemi kwamba kila anayevaa nikabu leo anasherehekea kuvunjwa kwa minyororo. Wapo wanaovaa kwa imani, wapo wanaovaa kwa mazoea, na ninaamini wapo wanaoshurutishwa na waume au baba zao. Waislamu wenyewe hawakubaliani kama ni wajibu. Mnamo 2009 Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliyekuwa Imamu Mkuu wa Al-Azhar kule Misri, alisema nikabu ni mila wala si faradhi, akaikataza katika madarasa ya wasichana yanayofunzwa na wanawake. Wanazuoni wengine walimpinga vikali. Ninachosema ni kwamba pwani yetu iliwahi kuwa na amri ya kumkataza mwanamke kujifunika, na amri hiyo haikutungwa na wakombozi. Ilikuwa ya wenye watumwa.

Msomaji wa Migori ataniambia, hayo ni ya pwani bana, sisi huku ziwani yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana. Katika Dholuo, nguo ni nanga (usichanganye na nanga ya meli), na watu walioanza kuvaa nguo za kigeni waliitwa jonanga, yaani watu wa nguo. Halikuwa jina la sifa kila mara. Mfano ulio wazi zaidi unatoka Kendu Bay hapo hapo. Barack Obama, katika kitabu chake Dreams from My Father cha mwaka 1995, anarudia masimulizi aliyoyapata kwa bibi yake kuhusu babu yake, Onyango. Kijana huyo alitoweka nyumbani kwa miezi mingi. Aliporudi alikuwa amevaa suruali, shati na viatu. Watoto waliogopa. Wakubwa walitaka kujua anaficha nini humo ndani. Wakashuku ametahiriwa, jambo lililokuwa mwiko kwa Waluo, au ana vidonda. Babake mzazi akawaonya wengine wasimkaribie.

Soma tena kisa hicho polepole. Suruali! Vazi ambalo leo mwanamume wa Homa Bay akilikosa atafukuzwa ofisini, liliwahi kuzua swali lile lile alilouliza mzee wa matatu: huyu aliyejifunika anaficha nini? Baadaye Onyango alisilimu akachukua jina la Hussein, na Uislamu ungali na mizizi Kendu Bay hadi leo. Mwanafunzi wangu hakuileta nikabu katika nchi isiyojua Uislamu.

Na wala hakuleta kitambaa cha kichwa katika nchi isiyokijua. Nenda Got Kwer, kaunti ya Migori, palipozikwa Simeo Ondeto, kiongozi wa Legio Maria aliyefariki mnamo 1991. Utawaona akina mama wamevaa kanzu ndefu na vitambaa vinavyoshuka hadi mabegani. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Sikuwahi kumwona akitoka boma bila kitambaa chake, na hakuna utingo aliyethubutu kumwita chochote isipokuwa mama. Nakubali nyanya alikuwa na uso wazi, na hapo ndipo penye hoja ngumu.

Hoja hiyo ni usalama, na si ya kupuuzwa. Mnamo Septemba 11, 2016, wanawake 3 waliovalia mabuibui waliingia Kituo Kikuu cha Polisi cha Mombasa wakijifanya wanapiga ripoti, kisha wakawashambulia maafisa. Wote 3 waliuawa. Ukiwa afisa wa zamu, hutasahau siku hiyo. Lakini tazama Chad. Baada ya mashambulizi ya Juni 2015 katika jiji la N'Djamena, serikali ilipiga marufuku nikabu na hata kuamuru zilizoko sokoni zichomwe. Mwezi uliofuata, mwanamume aliyejificha ndani ya vazi hilo hilo alijilipua kwenye lango la soko kuu la jiji alipozuiwa ili akaguliwe. Marufuku haikumzuia kulivaa. Ukaguzi ndio uliomkomesha langoni, ingawa watu wengi walikufa.

Hapa kwetu mjadala unaharibiwa na jambo ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulinyamazia: watu wanachanganya maneno. Utasikia mtu akisema “hijabu zipigwe marufuku” ilhali anamaanisha nikabu. Hijabu inafunika nywele na shingo, uso uko wazi. Nikabu inafunika uso. Buibui ni joho jeusi, nalo laweza kuvaliwa na mojawapo au bila yoyote. Kesi iliyotikisa nchi, ya shule ya kutwa ya St Paul's Kiwanjani kule Isiolo, ilihusu hijabu na suruali nyeupe za wasichana, haikuhusu nikabu hata kidogo. Mahakama Kuu iliwakatalia mnamo 2015, Mahakama ya Rufaa ikawakubalia mnamo 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi wa Rufaa kwa misingi ya utaratibu wa kuwasilisha kesi. Swali lenyewe likabaki linaning'inia. Walimu wakuu wa huku Nyanza wanaosema “mahakama ilishaamua” wanajidanganya.

Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi, ajira au huduma kwa sababu ya imani yake. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kuwekewa mipaka, mradi mpaka huo uwe wa busara na pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo. Njia nyepesi ipo, na mwanafunzi wangu ndiye aliyenieleza pale stendi. Aliwahi kwenda ofisi fulani kuchukua stakabadhi. Karani wa kiume akamwamuru afunue uso mbele ya foleni nzima alinganishwe na kitambulisho. Akasema atafunua, hana shida, ila amwombe karani wa kike aliyekuwa chumba cha pili. Dakika moja ingetosha. Wakabishana robo saa, foleni ikimzomea, na hatimaye akaondoka mikono mitupu. Ilibidi arudi siku nyingine, nauli mara mbili kutoka Kendu Bay.

“Sikukataa kujulikana, mwalimu,” aliniambia. “Nilikataa kutazamwa.”

Matatu ya Kendu Bay ilikuwa imeanza kujaa na makanga anaita. Nilimwomba radhi kwa kile kicheko. Akaniambia radhi ameipokea, ila nimwandikie mzee wa Rongo somo la ngeli gazetini, maana huenda akalisoma. Basi mzee wangu, kama unasoma: buibui likiwa vazi ni LI-YA, buibui akiwa mdudu ni A-WA, nikabu ni I-ZI. Aliyemo ndani yake ni A-WA.

Akapanda, akakaa kando ya dirisha. Mama aliyekuwa na ndoo ya omena akamsogezea nafasi wala hakumtazama mara mbili.