Karabini ya risasi za bastola: nani hasa anachagua?

Rafiki zangu kadhaa waliohamia Marekani wameniuliza swali moja kwa nyakati tofauti. Wanasema: wewe si mwandishi wa habari, unapenda kuchimba mambo? Hebu tuambie, mtu akitaka bunduki moja tu, ya kwenda kulenga shabaha Jumamosi na ya kuweka nyumbani kwa usalama, anunue karabini gani? Wanazungumzia zile bunduki fupi, zenye kitako cha kuweka begani, lakini zinazotumia risasi za bastola. Kule maduka yamejaa bunduki hizo, na muuzaji anakuwa na jibu kabla hujamaliza kuuliza.

Mimi si fundi wa silaha, na nyumbani kwangu hakuna hata manati. Ninachoweza kufanya ni kufuatilia historia. Na nilipoifuatilia ya bunduki hii niliona jambo ambalo muuzaji hawezi kukuambia: karibu kila kitu kinachoonekana leo kama uamuzi wa mnunuzi kilishaamuliwa zamani na watu wengine. Aliamua mwenye kiwanda, likaamua jambazi, akaamua mbunge, akaja mwanamichezo. Mwenye nyumba anayetaka kulala kwa amani alikuja mwisho kabisa.

Haya, tuanzie mwaka 1873. Mwaka huo kampuni ya Winchester ilitoa bunduki yake maarufu ya kukoki kwa mkono wa chuma ulio chini ya kitako, pamoja na risasi mpya iliyoitwa .44-40. Namba ya kwanza ni kipenyo, sehemu 44 za mia za inchi. Ya pili ni punje 40 za baruti nyeusi zilizojazwa ndani ya ganda. Haikupita miaka mingi kampuni ya Colt nayo ikaanza kutengeneza bastola zinazokula risasi hiyo hiyo. Kwa mtu anayechunga ng'ombe siku nyingi mbali na duka, hili lilikuwa jambo kubwa. Mkanda mmoja wa risasi ulilisha bastola ya kiunoni na karabini iliyoning'inia kwenye tandiko la farasi. Wazo lote la karabini ya risasi za bastola limetoka hapo, na lilikuwa suala la uchukuzi. Hakuna aliyekuwa anafikiria sebule. Hadi uzalishaji wake ulipofikia mwisho katika karne ya 20, zaidi ya bunduki 700,000 za aina ile zilikuwa zimetengenezwa.

Sasa turuke hadi Vita Kuu ya Kwanza. Kwenye mahandaki ya Ulaya bunduki ndefu za askari zilikuwa mzigo. Wajerumani wakaingiza vitani mwaka 1918 bombomu ndogo ya mkononi, MP 18, iliyotumia risasi za bastola za milimita 9. Huko Marekani, Jenerali John T. Thompson alikuwa anatengeneza ya kwake kwa risasi za bastola za .45, ili askari afagie handaki nayo. Vita vikaisha kabla haijafika uwanjani. Thompson ikaingia sokoni mwaka 1921 bila vita vya kupigana, na raia wa kawaida aliweza kuinunua kwa sababu hapakuwa na sheria ya taifa inayomkataza.

Mnajua kilichofuata. Tarehe 14 Februari 1929, ndani ya gereji moja mjini Chicago, watu saba walipangwa ukutani na kumiminiwa risasi. Baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi. Mtaalamu aliyeitwa Calvin Goddard alichunguza risasi na maganda, na baadaye mwaka ule ule akaweza kuonyesha kwamba bunduki mbili aina ya Thompson zilizokamatwa ndizo zilizotumika. Sayansi ya kusoma alama za risasi ilipata heshima kubwa kutokana na kesi ile. Thompson nayo ikapata sifa ambayo jenerali wake hakuitaka kamwe.

Sasa hapa tuwe makini, maana ndipo ilipozaliwa namba inayotawala kila karabini hadi leo. Mwaka 1934 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Taifa ya Silaha. Rasimu ya kwanza ilitaka kusajili na kutoza kodi bombomu pamoja na bastola zote. Lakini waandishi wa rasimu waliona mwanya: mtu angeweza kununua bunduki ndefu, akaikata mtutu na kitako, akapata kitu cha kuficha kama bastola. Ndiyo maana wakaongeza kipengele cha kudhibiti bunduki zilizofupishwa. Baadaye wabunge waliokuwa na wapiga kura wenye bastola wakapinga, na bastola zikaondolewa kwenye rasimu. Kile kipengele cha kuziba mwanya wa bastola kikasahaulika ndani! Matokeo yake, bastola yenye mtutu wa inchi nne ikauzwa kama kawaida, na bunduki ya begani yenye mtutu wa inchi 15 ikawekwa kundi moja na bombomu, kwa kodi ya dola 200, fedha iliyokaribia bei ya Thompson yenyewe.

Mwanzoni kikomo cha mtutu kilikuwa inchi 18. Mwaka 1960 kikashushwa hadi inchi 16 kwa bunduki za risasi moja moja. Kwa hiyo ukiingia dukani leo ukaona karibu kila karabini ya milimita 9 ina mtutu wa inchi 16 na ushee, usidhani wahandisi waliketi wakakubaliana kwamba huo ndio urefu bora. Ni urefu wa sheria. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imefuta ile kodi ya dola 200 kwa bunduki fupi kuanzia Januari 1, 2026, lakini kibali na usajili vimebaki pale pale.

Karabini za kiraia tunazozijua sasa zilianza kuonekana miaka ya 1980. Marlin walitoa yao mwaka 1985, Ruger wakafuata katika miaka ya 1990 na moja waliyoilenga kwa polisi, na kampuni ya Hi-Point ikaleta ya bei poa kabisa, ya milimita 9. Hiyo ya bei poa ndiyo iliyobebwa na mmoja wa vijana wawili walioshambulia shule ya Columbine, Colorado, tarehe 20 Aprili 1999. Siku ile waliuawa wanafunzi 12 na mwalimu mmoja. Vijana wale walikuwa na umri mdogo usiowaruhusu kununua silaha. Rafiki yao mwenye miaka 18 alikuwa amewanunulia karabini hiyo na bunduki mbili za marisawa kwenye maonyesho ya silaha, kutoka kwa wauzaji binafsi ambao sheria haikuwalazimisha kufanya ukaguzi wowote. Na angalia jinsi sheria ile ya mitutu inavyorudi: dukani, kwa muuzaji mwenye leseni, kijana wa miaka 18 haruhusiwi kuuziwa bastola mpaka afike 21, lakini bunduki ndefu anauziwa. Karabini inakula risasi ya bastola, lakini kwa sheria ni bunduki ndefu. Wakati huo sheria ya mwaka 1994 ilikuwa imezuia magazini mpya za zaidi ya risasi 10. Jibu la muuaji lilikuwa kubeba magazini nyingi.

Baada ya hapo zilikaa kimya kidogo, mpaka michezo ilipozifufua. Mwaka 2016 chama cha ulengaji shabaha kwa vitendo cha Marekani, USPSA, kilifungua kundi rasmi la karabini za risasi za bastola. Wazee ambao macho na viganja havikuwa tena vya kushindana na bastola walirudi uwanjani. Vijana nao wakapenda kasi yake. Viwanda havikulala: mwishoni mwa 2017 Ruger wakatoa karabini mpya inayogawanyika vipande viwili, inayokubali magazini za bastola zao na hata za Glock. Ni lile lile wazo la 1873 la risasi moja kwa silaha mbili.

Kwa upande wa shabaha, basi, nakubali sifa zake. Risasi za milimita 9 kwa kawaida ni nafuu kuliko za bunduki kubwa, na viwanja vingi vya ndani vinavyokataa risasi za bunduki vinaziruhusu. Ukiwa na kitako begani na mikono miwili, hata mgeni anapiga bati la mita 50 ambalo kwa bastola angelikosa mchana kutwa. Lakini yapo ya kujua. Karabini nyingi za bei ya kawaida hazina kifungo cha kukaza bolti wakati risasi inalipuka. Kinachoizuia ni uzito wa bolti yenyewe. Chuma hicho kizito kikirudi nyuma kinakugonga kuliko unavyotegemea kwa risasi ndogo vile. Pia darubini hukaa juu ya mtutu, hivyo ukilenga kitu cha karibu sana, risasi itatua sentimita kadhaa chini ya pale ulipolenga.

Na mtutu mrefu unaongeza nini? Inategemea risasi. Ya milimita 9 yenye uzito mdogo hutoka kwenye bastola kwa takriban mita 350 kwa sekunde, na kwenye mtutu wa inchi 16 hufika karibu 400. Ya .45, ambayo ni nzito na ya polepole, huongeza kidogo tu. Ya .357 Magnum, yenye baruti inayoungua taratibu, huongeza sana, na ndiyo maana bado kuna wanaotafuta bunduki za kukoki kwa mkono kama za karne ya 19.

Tukija kwenye ulinzi wa nyumba, hapo ndipo mimi na wauzaji tunapoachana. Wanasema risasi ya bastola ni salama zaidi ndani ya nyumba kwa sababu ni dhaifu. Nyumba za Marekani, hata hivyo, si za tofali na zege kama zetu. Nyingi ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa mbao za jasi, zile ambazo sisi tunawekea dari na kuziita jipsamu. Risasi ya milimita 9 inapita kuta kadhaa za namna hiyo bila tabu, na katika majaribio risasi nyepesi za bunduki kubwa mara nyingine huvunjika vipande mapema kuliko yenyewe. Nyuma ya ukuta kuna kitanda cha mtoto, na nyuma ya huo mwingine kuna jirani.

Halafu kuna ile hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya tarehe 26 Juni 2008, kesi ya Heller, iliyopita kwa kura 5 dhidi ya 4 na kutambua haki ya mtu kuwa na bastola nyumbani kwa kujilinda. Jaji Antonin Scalia alieleza kwa nini watu wanaipendelea bastola: ni ngumu zaidi kunyang'anywa, na unaweza kuishika kwa mkono mmoja huku mwingine unapiga simu polisi. Karabini inataka mikono yote miwili. Nani atafungua mlango, nani atabeba mtoto, nani atapiga simu?

Na hatari yenyewe iko wapi? Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto Marekani. Kati yao 26,328 walijiua. Zaidi ya nusu, ndugu zangu, hawakuuawa na mwizi wa usiku. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lihusu kufuli kabla ya kipenyo: nani mwingine ndani ya nyumba ana huzuni, ana hasira, au ana miaka minane na udadisi?

Kwa Waswahili walioko kule kuna jambo la ziada. Sheria ya taifa, isipokuwa kwa hali chache, inamkataza mtu mwenye viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kumiliki silaha. Mwenye ukazi wa kudumu anaruhusiwa. Majimbo nayo yana yao: California na New York zina kikomo cha risasi 10 kwenye magazini, na muundo unaouzwa Texas unaweza kukupeleka jela ukihama nao.

Kama mtu bado anataka kununua, ushauri wangu ni apange maswali yake kwa mfuatano huu. Nani wanaishi humo ndani. Silaha itafungiwa wapi, na ufunguo atakuwa nao nani. Ukuta umejengwa kwa nini, na nani analala upande wa pili. Sheria ya jimbo inasemaje. Uwanja wa karibu unaruhusu risasi gani. Akishamaliza hayo, suala la milimita 9 au .45 litabaki dogo sana. Na kama jibu la swali la kwanza halimpi amani, wapo wanaoacha karabini zao kwenye kasha la kukodi uwanjani, wanapiga shabaha Jumamosi, na wanarudi nyumbani mikono mitupu.