Nani Anabaki Nje ya Somo? Utafiti wa Uzamili na Uzamivu kuhusu Ufundishaji na Usawa wa Elimu Tanzania

1. Utangulizi

Mnamo Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza masomo katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Kilikuwa na Kitivo cha Sheria peke yake, na kiliandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani. Hivyo basi, elimu ya juu ya nchi hii ilizaliwa katika eneo la Ilala, jirani na soko, miongoni mwa watu waliozungumza Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Lakini mihadhara yenyewe ilitolewa kwa Kiingereza.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya utafiti uliofanywa na wanazuoni, hususan wa shahada za juu, kuhusu pengo hilo. Hoja yake kuu ni kwamba usawa wa elimu una milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule wa shule. Wa pili ni ule wa somo lenyewe. Sera za Tanzania zimefanya kazi kubwa ya kuufungua ule wa kwanza. Utafiti wa darasani ndio uliodhihirisha kwamba wa pili bado umefungwa kwa wengi.

2. Mlango wa shule

Katika Dar es Salaam ya kikoloni ubaguzi wa elimu ulionekana kwa macho. Uwanja wa Mnazi Mmoja ulitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini, na shule nazo ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Kila kundi lilikuwa na shule zake, na mtoto wa Kiafrika ndiye aliyepewa nafasi finyu kuliko wote. Huko Pugu, sehemu nyingine ya Ilala ya leo, Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari ya misheni hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashughulikie siasa.

Baada ya Uhuru mgawanyo wa rangi ulifutwa kisheria kuanzia mwaka 1962. Mwaka 1967 ulitolewa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Mwaka 2002 ada za shule za msingi zilifutwa. Kuanzia mwaka 2004 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulileta shule nyingi za kata. Na mwaka 2016 ada za sekondari za serikali hadi kidato cha nne zikaondolewa. Haya ni mafanikio ambayo hayafai kubezwa. Hata hivyo, mtoto aliyeingia kidato cha kwanza kwa mlango huo mpana alikuta masomo yote, isipokuwa Kiswahili, yakifundishwa kwa lugha ambayo hakuwahi kujifunzia.

3. Kutoka katika sera kwenda darasani

Mwanzoni mjadala ulikuwa wa sera. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1969–1974, ulitarajia kwamba Kiswahili kingepanda hadi sekondari. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba badiliko hilo lianze kidato cha kwanza mwaka 1985 na kufika vyuo vikuu mwaka 1991. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walipima uwezo wa Kiingereza wa wanafunzi wa ngazi mbalimbali, wakakuta kwamba wengi wa sekondari hawangeweza kufuata masomo kwa lugha hiyo. Pamoja na matokeo hayo, walishauri Kiingereza kiendelee, ila kiimarishwe. Na Uingereza ikagharimia mradi wa kukiimarisha.

Tayari mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru, katika kazi waliyoifanyia BAKITA, walikuwa wameonyesha kwamba walimu wa sekondari walilazimika kutumia Kiswahili ili waeleweke. Baadaye watafiti wa uzamivu walilichukua suala hilo kwa undani. Zaline Makini Roy-Campbell alikamilisha tasnifu yake huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1992, akiuliza kama uteuzi wa lugha ya kufundishia uliongozwa na mahitaji ya ufundishaji au na mamlaka. Mwaka 2002 ulianza mradi wa LOITASA, uliounganisha vyuo vikuu vya Oslo, Dar es Salaam na Western Cape. Chini ya uongozi wa wanazuoni kama Birgit Brock-Utne na Martha Qorro, watafiti vijana waliingia madarasani wakiwa na daftari na kinasa sauti. Miongoni mwao, Halima Mwinsheikhe alichunguza masomo ya sayansi, na Mwajuma Vuzo alilinganisha vipindi vya jiografia vilivyofundishwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

4. Yaliyoonekana darasani

Picha iliyojitokeza inamwelea kila aliyefundisha sekondari. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza, darasa linanyamaza. Anarudia, wachache wale wale wananyoosha mikono. Wengine huitikia kwa pamoja neno la mwisho la sentensi, au hunakili maelezo ya ubaoni bila kuyaelewa. Mwalimu anapochanganya Kiswahili, darasa huamka. Lakini anafanya hivyo kwa woga, kana kwamba anavunja sheria, na mtihani wa mwisho hautakuja kwa lugha hiyo. Katika vipindi vya Kiswahili wanafunzi waliuliza, walibishana na walitoa mifano ya maisha yao.

Jambo lenye uzito zaidi kwa mada ya usawa halikuwa wastani wa alama, bali mtawanyiko wake. Brock-Utne, akieleza matokeo ya mradi huo, alionyesha kwamba somo la Kiingereza lilipanua pengo kati ya wanafunzi wachache na wengi, ilhali somo la Kiswahili lililipunguza. Maana yake ni kwamba lugha ya kufundishia huwapanga wanafunzi upya. Katika mazingira ya Ilala upangaji huo huanza mapema. Shule chache za serikali, kama Olympio na Diamond za Upanga, pamoja na shule binafsi, hufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, wakati shule nyingi za msingi za jirani hufundisha kwa Kiswahili. Watoto wa makundi haya mawili hukutana katika mtihani mmoja wa kidato cha nne. Rangi haihesabiki tena. Kipato cha mzazi kimechukua nafasi yake.

5. Pingamizi na hitimisho

Mzazi mwenye duka Kariakoo, ambaye bidhaa zake hutoka Guangzhou na Dubai, hudai Kiingereza kwa mwanawe, na dai lake ni halali. Qorro amesisitiza mara nyingi kwamba kufundisha Kiingereza na kufundishia kwa Kiingereza ni mambo mawili tofauti. Anayetaka lugha hiyo apewe mwalimu bora wa lugha. Haipasi biolojia na historia zitolewe kafara. Sera ya mwaka 2014 ilitambua Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari za serikali zimeendelea na Kiingereza.

Liko deni jingine, na hilo ni la vyuo vikuu vyenyewe. Sehemu kubwa ya tasnifu hizi imeandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa maktabani. Mwalimu aliyefungua mlango wa darasa lake ili achunguzwe hapati nakala anayoweza kuisoma pamoja na wenzake chumbani mwa walimu. Mlama na Matteru waliandika kwa Kiswahili mwaka 1978, mfano upo. Tasnifu kuhusu usawa ambayo haimrudii mwalimu inambakiza naye nje ya somo.