Sambaza, matumbawe na swali la zamani: kitu hai kikifa njiani, nani alipe?

Tuanze na sambaza. Samaki huyu tunayemnunua kila siku pale Kituku hakuzaliwa katika ziwa Kivu. Aliletwa kama mzigo. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, vitoto vya samaki zaidi ya 57,000 vilitolewa ziwa Tanganyika na kumwagwa katika ziwa letu. Sababu ni kwamba katikati ya ziwa Kivu, mbali na ukingo, hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Zililetwa aina mbili. Ile iliyotarajiwa zaidi, ndagala tunayoijua kavu sokoni, haikushika. Nyingine ikashika na kuzaana, nayo ndiyo sambaza ya leo.

Kila mvuvi anajua samaki hawa wadogo hufa upesi wakiguswa au wakikosa hewa. Lakini kazi ile ilikuwa ya serikali ya koloni, na aliyetuma ndiye aliyepokea. Hapakuwa na wa kumdai mwenzake. Ugomvi ulikuja pale kitu hai kilipoanza kusafirishwa na mtu mmoja kwa feza ya mtu mwingine.

Hilo nalo lilifanyika karibu na kwetu. Miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa Bujumbura akituma samaki wa rangi wa ziwa Tanganyika kwenda Ulaya na Marekani. Hawakuwa wa kuliwa. Watu wa huko waliwanunua wawatazame ndani ya sanduku la kioo sebuleni. Samaki alinyimwa chakula siku moja au mbili ili asichafue maji, akatiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mfuko ukafungwa ndani ya sanduku la povu, kisha ndege. Safari ikichelewa, maji yalipoa, hewa iliisha, na mnunuzi alifungua sanduku la samaki waliokufa.

Kutoka samaki biashara ilifika kwenye matumbawe. Kwa sisi wa ziwani, tueleze kwanza. Matumbawe ni wanyama wadogo wa bahari ya joto wanaoishi pamoja na kujijengea mifupa ya chokaa. Nyumba na misikiti ya zamani ya Lamu na Zanzibar ilijengwa kwa mawe yanayotokana nao. Yakiwa hai yana rangi nzuri sana, na wenye masanduku ya kioo wako tayari kulipa bei kubwa kwa kipande kinachoenea kiganjani.

Ugomvi wa matumbawe ni mgumu kuliko wa samaki kwa sababu ya saa ya kifo. Samaki aliyekufa anaonekana. Tumbawe linaweza kufika likiwa na rangi yake, kisha nyama ikaanza kubanduka kwenye mfupa baada ya siku mbili au tatu. Hapo mnunuzi anasema liliumia ndani ya ndege. Muuzaji anasema umeliua wewe kwa maji mabaya. Shirika la ndege linasema sanduku lilifika zima, halina hata tundu. Kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli.

Sheria ya kimataifa ya mizigo ya ndege ilianza na mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929. Ulimpa mpokeaji siku 7 za kulalamika kwa maandishi kama mzigo umeharibika. Mwaka 1955 siku hizo zikaongezwa kuwa 14, na mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 ukabaki na 14. Mikataba hiyo ina kanuni moja ambayo watu wengi hawaijui: ukipokea mzigo bila kulalamika, inachukuliwa kwamba umeupokea katika hali nzuri, mpaka wewe mwenyewe uthibitishe kinyume.

Mkataba wa Montreal unamwachilia pia msafirishaji kama uharibifu umetokana na asili ya kitu chenyewe, na ufungaji mbaya wa mtumaji, na vita, au na kitendo cha serikali mpakani. Kwa matumbawe neno hilo la mwisho ni zito. Tangu mwaka 1990 matumbawe yote ya mawe yako chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Nchi yetu iliuingia mwaka 1976, ikiitwa Zaïre. Karatasi ikikosekana, sanduku linazuiliwa forodhani, na wanyama wanafia hapo. Shirika la ndege halilipi. Aliyekosea karatasi ndiye anayebeba hasara.

Hata shirika likilipa, linalipa kwa uzito. Kikomo cha Montreal, kilichopandishwa mwisho wa mwaka 2024, ni vipimo 26 vya feza ya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani zaidi ya dola 30 kidogo kwa kilo moja, isipokuwa mtumaji alitangaza bei kubwa zaidi na kuilipia tangu mwanzo. Kipande cha gramu chache kinaweza kuuzwa dola mia na zaidi. Ndiyo sababu wafanyabiashara hawakungoja sheria iwaokoe. Walijitungia desturi.

Kwa desturi hiyo, mnunuzi anafungua sanduku siku ileile, mara nyingi ndani ya saa chache walizopatana. Anapiga picha ya mnyama aliyekufa akiwa bado ndani ya mfuko uliofungwa, kwa maana mfuko ukishafunguliwa hakuna anayejua maji ya nani yalimuua. Anahesabu wazima na wafu, anatuma hesabu siku hiyohiyo. Muuzaji anarudisha bei ya kitu kilichokufa, mara nyingi kama punguzo la mzigo unaofuata, lakini nauli hairudishi. Desturi hii haimpi kila mtu haki yote, ila inamaliza maneno kabla hayajawa uadui.

Wengine watauliza: matumbawe yanatuhusu nini sisi ambao vita imetutoa Masisi na Rutshuru, sisi tuliolala Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala? Yanatuhusu, kwa sababu sisi pia tunasafirisha vitu hai. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwisho wa Januari 2025, ziwa na barabara vimebeba zaidi. Mtu anatuma kuku kumi kwa meli. Mama anayerudi shambani anapakia mbuzi wawili juu ya lori pamoja na miche ya kupanda. Huo ndio mtaji wote wa nyumba. Wakifa njiani, dereva anasema walikuwa wagonjwa, mtumaji anasema walitoka wazima, na mama anabaki mikono mitupu.

Kwa barabara tuna sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Uharibifu unaoonekana unapaswa kuandikiwa msafirishaji si zaidi ya siku ya kazi inayofuata, na usioonekana ndani ya siku 7. Sheria hiyohiyo inahesabu wanyama hai kuwa mzigo wenye hatari yake yenyewe, kwa hiyo msafirishaji anapata njia ya kujitetea. Bila ushahidi, mlalamikaji anashindwa kabla ya kuanza.

Ushahidi huo hauhitaji mwanasheria. Kabla ya kupakia, hesabuni wanyama pamoja na dereva au karani wa meli, mpige picha ya simu, muandike idadi na hali yao kwenye karatasi na wote wawili mtie sahihi au kidole. Patana mapema: akifa njiani nani anabeba hasara, na je nauli inarudi? Anayepokea ahesabu palepale bandarini au penye lori, mbele ya aliyeleta, kabla ya kulipa baki na kabla ya kuwapeleka nyumbani. Kama kuna aliyekufa, aandike hapohapo, hata kama aliyeleta anamharakisha.

Siku hizi wengi wetu tuko mbali na mahakama, au mahakama iko mbali na sisi. Mzee wa mtaa au kiongozi wa chama cha wasafirishaji anaweza kusuluhisha kesi ya kuku kumi mchana mmoja, kama kuna picha na karatasi mbele yake. Akiletewa maneno matupu baada ya wiki, hana la kufanya ila kuwaomba wasameheane, na anayesamehe karibu kila mara ni yule mwenye kidogo zaidi.