Kilio chini ya ngoma

Kila Juni, siku za sikukuu ya Bulabo zikifika, barabara ya Mwanza kwenda Musoma hujaa watu pale Kisesa. Wanashuka kwenye mabasi, daladala na bodaboda, wanakata kona kuelekea Bujora, na kabla hawajaona chochote wanasikia ngoma. Si ngoma moja. Ni mbili, kwa wakati mmoja na katika uwanja mmoja, kila moja na mdundo wake, na hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Mgeni anadhani ni vurugu. Mwenyeji anajua kwamba mashindano yameanza na kwamba mwamuzi ni yeye mwenyewe: upande atakaosimama ndio utakaohesabiwa.

Mbali sana na hapo, tarehe 29 Oktoba 1787, mjini Prague, watu waliingia ukumbini kuona opera mpya ya Mozart iitwayo Don Giovanni. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza walikuta jambo ambalo Msukuma yeyote angelitambua. Bwana mkubwa, Don Giovanni mwenyewe, amefungua nyumba yake kwa karamu, na jukwaani zinapiga okestra tatu kwa pamoja. Moja inapiga minueti ya mabwana, yenye mapigo matatu na madaha mengi. Ya pili inapiga ngoma ya mapigo mawili, ya tatu inapiga ngoma ya haraka ya Kijerumani, ile ya watu wa chini. Midundo mitatu inagongana na bado Mozart ameipanga isivunjike. Kila tabaka lina ngoma yake, na kila mtu anatazama miguu yake. Wakati huohuo mwenye nyumba anamvuta kwenye chumba cha pembeni Zerlina, binti wa kijijini aliyekuwa anaolewa siku hiyohiyo. Kisha kinasikika kilio. Muziki unakatika.

Nimeisikiliza sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara inanirudisha Usukuma. Kuna mambo mawili yaliyokaa pamoja katika viwanja vyetu vya ngoma kwa muda mrefu, mvuto na ushurutishaji, na tumezoea kusimulia la kwanza tu.

Don Giovanni mwenyewe hakutungwa na Mozart. Alizaliwa Hispania kwa jina la Don Juan, katika tamthilia ya mtawa aliyeandika kwa jina la Tirso de Molina, iliyochapishwa yapata mwaka 1630. Molière akamchukua mwaka 1665 akampeleka Paris. Kufikia siku ambazo Lorenzo Da Ponte aliandika maneno ya opera, mtu huyu alikuwa amezunguka majukwaa ya Ulaya kwa zaidi ya miaka 150, na watazamaji walijua mwisho wake kabla pazia halijafunguliwa. Walichokuja kuona ni namna anavyofika huko. Mtumishi wake, Leporello, hutembea na daftari la wanawake ambao bwana wake amewapata: 640 Italia, 231 Ujerumani, 100 Ufaransa, 91 Uturuki, na Hispania 1,003. Jumla 2,065. Leporello anamsomea hesabu hiyo mwanamke mmojawapo aliyeachwa, akiwa amesimama mbele yake.

Ukumbini watu hucheka hapo. Lakini tazama jinsi mtu huyu anavyofanya kazi yake. Opera inafunguka usiku, yeye akitoka mbio katika nyumba ya Donna Anna, uso umefichwa, na mwanamke huyo amemng'ang'ania akipiga kelele. Baba yake anatokea kumtetea; anauawa kwa upanga. Kwa Zerlina anatumia jina kubwa, nyumba nzuri na ahadi ya ndoa. Kwingine anavaa nguo za mtumishi wake. Katika kazi nzima, inayokwenda takriban saa tatu, hatumwoni akimpata mwanamke kwa haki hata mmoja. Kinachoitwa utongozaji, ukikifungua, ndani yake kuna uongo, cheo na silaha.

Sasa turudi Usukuma. Masimulizi ya huko yanawataja watu wawili walioishi katikati ya karne ya 19, Ngika na Gumha. Wote wawili walikuwa wajuzi wa dawa, wote wawili wachezaji mahiri, na kila mmoja alidai kwamba dawa yake inaishinda ya mwenzake. Ubishi wa namna hiyo hauwezi kuamuliwa kwa maneno. Ukaamuliwa kwa ngoma: kila mmoja acheze mbele za watu, ionekane umati utakwenda kwa nani. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na vyama hivyo viwili vikagawana Usukuma. Ukoo mmoja unaweza kuwa na watu pande zote mbili.

Hapa ndipo palipo utajiri, na sioni aibu kukaa nao. Msimu wa mashindano ni kiangazi, chakula kikiwa ghalani na jembe likiwa limepumzika. Maandalizi huchukua miezi. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hutunga nyimbo mpya, kwa maana wimbo wa mwaka jana hauvuti mtu. Mganga wa kundi hushughulikia samba, dawa za ngoma: nyingine za kuvuta watu, nyingine za kuwakinga wachezaji na dawa za upande wa pili. Halafu kuna vituko vya kushtua. Bagoyangi huingia na chatu, wakamvaa shingoni. Banunguli, wawindaji wa nungunungu, wana ngoma yao. Wengine walichonga sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezacheza, zikaibuliwa ghafla katikati ya mchezo ili macho ya upande wa pili yahame. Na katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, majembe yanarushwa hewani na kudakwa huku ngoma kubwa ikitikisa kifua cha msikilizaji.

Waswahili husema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Uwanjani Usukuma nyoka yumo tayari. Anayetolewa ni mtazamaji, kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mashindano makubwa yaliweza kuendelea siku kadhaa, na hapakuwa na jopo wala alama. Umati ukihama, umeshindwa. Manju aliyeimba vizuri asubuhi anaweza kubaki saa tisa alasiri na watoto na ndugu zake tu, na hakuna upanga utakaowarudisha waliokwisha kuondoka.

Mtu mmoja aliyeyachunguza mambo haya kwa karibu alitoka Vienna, mji ambako Don Giovanni ilionyeshwa tarehe 7 Mei 1788, miezi michache baada ya Prague. Hans Cory, ambaye jina lake la awali lilikuwa Koritschoner, alifika nchini enzi ya Wajerumani, akabaki, na hatimaye akawa mtafiti wa serikali ya Tanganyika, akiishi Mwanza. Aliandika juu ya chama cha wachezaji wa nyoka, akanakili michoro waliyoichora kwenye kuta za nyumba zao, na mwaka 1953 akachapisha kitabu cha sheria na mila za Wasukuma. Alifariki mwaka 1962. Karatasi zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mtu yeyote anayetaka kuelewa ngoma za kanda hii hana budi kuzipitia, hata kama alizikusanya kwa jicho la mtumishi wa mkoloni.

Wamisionari wa Kikatoliki, White Fathers, walikuwa wamefika Bukumbi, kusini mwa mji wa Mwanza, tangu mwaka 1883. Mapema miaka ya 1950 mmoja wao, Padri David Clement kutoka Quebec, Kanada, alianza kazi Bujora. Alijenga kanisa la mviringo lililopambwa kwa alama za utemi wa Kisukuma, akawakusanya wazee wamsimulie habari za zamani, na mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa hapohapo. Jengo moja limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Neno bulabo lina maana ya maua, yale yanayotandazwa njiani siku ya Ekaristi Takatifu maandamano yakipita. Ngoma za Bagika na Bagalu zikapewa nafasi katika sikukuu hiyo. Utemi ulifutwa na serikali mwaka 1963. Ngoma zikaendelea, bugobogobo ikaingia mashuleni na kwenye vikundi vya sanaa nchi nzima.

Hiyo ndiyo habari tunayopenda kuisimulia. Kuna nyingine.

Ngoma inapovunjika, au mnada, au sherehe ya harusi, kuna desturi iitwayo chagulaga. Neno linatokana na kuchagua. Vijana wa kiume humfuata msichana au kumzingira njiani, wakimtaka achague mmoja wao. Wanaoitetea husema kwamba hapo mwenye uamuzi ni binti, kwamba wanaume kumi wanasimama mbele yake na yeye ndiye anayenyoosha kidole. Nimelisikia dai hilo mara nyingi na silikubali. Kuchagua kuna maana pale tu ambapo "simtaki yeyote" ni jibu linaloruhusiwa na njia ya kwenda nyumbani iko wazi. Msichana aliyezingirwa gizani hachagui. Anatafuta namna ya kutoka na madhara madogo. Wasichana wamekimbizwa, wameumizwa, wamebakwa, na asubuhi yake watu wakasema ni mila. Watetezi wa haki za wanawake Kanda ya Ziwa wamepiga kelele kwa miaka, na tangu mwaka 1998 nchi ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ambayo haina kifungu cha kumsamehe mtu kwa sababu ngoma ilikuwa inapigwa karibu.

Uwanja uleule, kwa hiyo, umetuachia urithi wa aina mbili. Mchana manju anamwomba mtazamaji abaki na hana uwezo wa kumzuia. Jioni kijana anamzuia msichana na kuita hilo maombi. Nadhani Mozart alielewa tofauti hii kuliko watu wengi waliomshangilia. Angeweza kumpa Don Giovanni wimbo mwingine mtamu pale kwenye karamu. Akampa badala yake okestra tatu za kufunika sauti, kisha akaacha sauti ya Zerlina izipasue zote.

Ningependa kuona kundi la opera likija kuiigiza kazi hii Bujora, na Bagika na Bagalu wakipewa nafasi ya zile okestra za karamuni. Kwa sehemu ya mwisho, sanamu ya baba yake Donna Anna, yule aliyeuawa, inapoitikia mwaliko wa chakula na kumshika mwuaji mkono, Mwanza haina haja ya kuchonga kitu. Mji wote umekaa juu ya mawe, na Jiwe la Bismarck limesimama majini pale mjini likionekana na kila anayepita. Sanamu ile inamtaka Don Giovanni atubu. Anakataa, anakataa tena, na ardhi inafunguka.

Ila mimi ningebaki zaidi na Zerlina. Nikienda Bulabo, siku hizi huwa naangalia sehemu ambayo si ya wachezaji, ile njia ya vumbi kati ya duara moja na jingine. Wanapita hapo wazee na fimbo zao, akina mama wenye watoto mgongoni, wanafunzi. Wanapita wasichana wawili wawili, wameshikana mikono. Wanasimama kwa Bagika, wanasikiliza beti mbili tatu, wimbo haujawakolea, wanageuka na kwenda kwa Bagalu. Manju anawaona wakiondoka. Anapandisha sauti, anaongeza mwendo wa ngoma, anawaita kwa wimbo. Nao wanaendelea kutembea.