Elimu ya Muungwana

Katika Kiswahili cha mwambao, neno muungwana limebeba maana mbili zilizoshikamana: mtu huru asiyekuwa mtumwa, na mtu mwenye adabu na maarifa. Warumi nao waliyafunga mambo hayo fundo moja. Walikuwa na elimu waliyoiona kuwa ndiyo imstahiliyo mtu huru, na shule za Ulaya za zama za kati zikaja kuipanga katika fani saba: nahau, balagha, mantiki, hesabu, jiometri, muziki na falaki. Msomaji wa visiwani haoni ugeni katika orodha hiyo. Majina yake mengi yameingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, pamoja na ilimu yenyewe.

Swali zito lilizuka pale waliokuwa watumwa walipopata uhuru. Je, nao wapewe elimu ya waungwana, au wafundishwe kazi za mikono tu?

Marekani ilikomesha utumwa mwaka 1865. Mwaka 1881 Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa huko Virginia, akaanza kukiongoza chuo kipya cha Tuskegee, Alabama, ambako wanafunzi walifyatua matofali na kujijengea madarasa. Katika hotuba yake ya Atlanta ya mwaka 1895 aliwashauri watu weusi waanzie chini, kwenye ufundi na kilimo. Heshima ingefuata baadaye. Mwaka huohuo W.E.B. Du Bois alikuwa mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha Harvard. Katika kitabu chake cha mwaka 1903, The Souls of Black Folk, alimpinga Washington waziwazi. Hakuudharau ufundi. Hoja yake ni kwamba hata shule ya ufundi yahitaji walimu, na walimu hao hutoka katika vyuo vya elimu pana. Tena umma usiokuwa na wanazuoni wake husemewa na wengine.

Mjadala huo ulivuka bahari. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyeupenda sana mfumo wa Tuskegee, ilizuru Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwamo. Ripoti yake ya mwaka 1925 ilihimiza kilimo, afya na kazi za mikono. Mambo hayo yalikuwa na manufaa yake, wala hakuna wa kuyabeza. Lakini kipimo cha elimu ya Mwafrika kilikatwa na wasiokuwa Waafrika, na serikali za kikoloni hazikuwa na haja ya raia wenye kuhoji. Ndani ya tume hiyo alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, ambaye mwenyewe alikuzwa na Kigiriki na Kilatini katika Chuo cha Livingstone, North Carolina. Ushahidi wa uwezo wa elimu pana ulikuwa umeketi nao meza moja.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Mwaka 1943 aliingia hapo kijana Julius Nyerere kusomea ualimu, kisha akaenda Edinburgh, ambako alipata shahada mwaka 1952 baada ya kusoma, miongoni mwa mengine, historia, uchumi na falsafa. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya mtawala anayeuawa na rafiki zake kwa kuhofiwa udikteta. Mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea, akaliingiza jembe shuleni. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi.

Wako wanaoona mgongano hapo: jembe kwa mtoto wa mkulima, Shakespeare kwa msomi wa Edinburgh. Mgongano huo ungekuwa kweli lau Nyerere angeyaacha maandiko hayo katika Kiingereza. Kwa kuyatia katika lugha ya umma, aliyaweka mahali ambapo mkulima ajuaye kusoma angeweza kuyafikia na kuyapima mwenyewe, pamoja na hukumu yake juu ya watawala.

Leo masomo ya fasihi, historia na falsafa huulizwa yataleta ajira gani. Swali hilo ni halali kwa mzazi mwenye kulipa ada. Ila historia yataka liongezewe jingine: mbona mara nyingi huulizwa juu ya watoto wa maskini?