Wilaya ya Machakos: Ardhi Iliyookolewa na Wenyewe

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala dawa ya wadudu. Tutazungumza habari za wilaya moja ambayo siku hizi huwezi kuiona katika ramani kama ilivyokuwa zamani, nayo ni Wilaya ya Machakos, huko Ukambani. Pengine utauliza: historia ina faida gani kwa mtu mwenye jembe mkononi? Ngoja kidogo, utaiona.

Wilaya hiyo ilikuwa kubwa, karibu kilomita za mraba 14,000. Juu kuna milima ya Iveti, Mbooni na Kilungu, ambako mvua ni ya kuridhisha. Chini kuna nchi kavu ya Makueni, inayoteremka kuelekea Tsavo. Jina lenyewe latokana na Masaku, mzee mashuhuri wa Wakamba. Waingereza walijenga boma lao hapo mwaka 1889, wakati Nairobi haijakuwa mji. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 bila kupita Machakos, makao makuu ya utawala yalihamishwa huko.

Mwaka 1925 wilaya ilipata Baraza la Wenyeji. Mwenyekiti alikuwa D.C., Mzungu. Wajumbe walikuwa machifu na watu waliochaguliwa. Mkulima alilipa kodi ya serikali, tena akalipa ushuru wa Baraza, ili zipatikane shule na barabara. Mwaka 1950 Baraza hilo likageuzwa kuwa la Wilaya, na baada ya Uhuru wa 1963 likawa kaunti kaunsili, iliyoitwa Masaku.

Sasa tuje kwenye udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wilaya ilikuwa na watu karibu 240,000, na mifugo mingi. Malisho mazuri ya zamani, upande wa milima ya Mua na nyanda za Athi, yalikuwa yamekatwa wakapewa walowezi. Basi watu na ng'ombe wakasongamana mahali pamoja. Ukame ukaja, nzige wakaja, majani yakaisha. Mvua iliponyesha, haikukuta kitu cha kuizuia. Ikabeba udongo ikautia mitoni. Makorongo yakafunguka. Mwaka 1937 afisa mmoja wa serikali, Colin Maher, aliandika taarifa yenye kutisha juu ya hali hiyo. Waliosoma walidhani nchi ile imekwisha kabisa.

Serikali ya kikoloni ikatafuta dawa. Ikasema: ng'ombe ni wengi mno, wapunguzwe kwa nguvu. Mwaka 1938 mifugo ikakamatwa na kunadiwa kwa bei ya kutupa. Wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe. Wewe mkulima jiulize: mtu akija kukwambia anaokoa shamba lako, huku akiondoka na ng'ombe wako, utamwamini?

Wakamba hawakuamini. Mwezi wa Julai 1938 watu wapatao 2,000, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kumwona Gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Wakapiga kambi huko wiki kadhaa, wakakataa kuondoka. Muindi alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ilikuwa imeacha mpango wa kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Hapa nataka usikilize vizuri, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Serikali ilisema kweli kuhusu udongo: ulikuwa unakwenda. Lakini ilikosea kuhusu watu. Haikutaja malisho waliyonyang'anywa. Haikuwauliza wenye ng'ombe hata swali moja. Ndiyo sababu hata ile kweli yake haikusikika.

Baada ya vita vya pili ikaja kazi ya mitaro ya kuzuia maji. Hiyo nayo ilikuwa ya lazima: asubuhi mbili kwa juma kila nyumba itoe mtu. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mbali katika kazi za mshahara na jeshini, waliochimba zaidi walikuwa akina mama. Mingi ya mitaro ya kwanza ilikuwa myembamba, iliyochimbwa haraka haraka ili chifu aone. Mvua kubwa ikija, ilijaa na kubomoka. Uhuru ulipokaribia, watu wa sehemu nyingi waliiacha. Mtu hatunzi kitu kinachomkumbusha kiboko.

Lakini katika miaka ya 1950 jambo jingine lilikuwa limeanza. Wakamba tangu kale wana desturi ya kusaidiana kazi, iitwayo mwethya. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anawapa wenzake chakula. Mwethya ikaanza kutumika kuchimbia matuta, na viongozi wakachaguliwa na wanakikundi wenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuta lililopendwa likawa la fanya juu. Wengi mnalijua. Unapima mstari wa usawa kwa kamba na pimamaji, unachimba mtaro wa upana wa futi mbili na kina cha futi mbili, na udongo unaurusha upande wa juu wa mteremko. Hapo juu ya tuta unapanda majani ya ng'ombe. Kila mvua inateremsha udongo kidogo, tuta linaukamata, na baada ya miaka michache shamba lililoinama limekuwa ngazi. Maji hayakimbii tena, yanazama. Katika nchi ya ukame, mwenye kuzuia maji ndiye anayevuna.

Kwa nini sasa watu walikubali? Kwanza, shamba lilikuwa lao, na wengi walianza kupata hati. Pili, palikuwa na faida: kahawa kule milimani, matunda na mboga kwa soko la Nairobi. Tatu, kituo cha utafiti cha Katumani kilitoa mahindi yanayokomaa upesi, yanayofaa mvua fupi. Kuanzia miaka ya 1970 serikali na wafadhili walisaidia kwa vifaa na ushauri, lakini jasho lilikuwa la wenyeji, na fedha nyingi zilitoka katika mishahara iliyotumwa nyumbani kutoka mjini.

Matokeo? Mwaka 1989 wilaya ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 1,400,000, karibu mara sita ya wale wa miaka ya 1930. Na udongo haukwisha. Picha zilizopigwa mwaka 1937 zililinganishwa na zilizopigwa mahali pale pale mwanzoni mwa miaka ya 1990: palipokuwa uchi pana matuta na miti. Watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, walionyesha kwamba thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imeongezeka karibu mara tatu.

Lakini tusisifu kupita kiasi. Asiye na mshahara wala jamaa wa kumsaidia alibaki nyuma. Na ukame haukukoma. Njaa ya mwaka 1984 Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa huku nimeshika: pesa mkononi, dukani hakuna chakula. Tuta haliwezi kuleta mvua. Huitunza ile iliyokuja.

Wilaya yenyewe imekwisha. Mwaka 1992 Makueni ilitengwa ikawa wilaya peke yake. Mwaka 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, zikaanza serikali za kaunti, na Masaku kaunti kaunsili ikavunjwa. Sasa kilimo ni kazi ya kaunti. Lakini maji hayajui mpaka wa kaunti. Korongo linaloanzia kwa jirani litafika kwako, naye mwenye kuchota mchanga mtoni anakausha kisima cha aliye chini.

Basi, ndugu mkulima, mabaraza manne yamepita juu ya ardhi ile ile, kila moja na jina lake na ushuru wake. Matuta yaliyodumu ni yale ambayo mwenye shamba aliyataka. Afisa wa kilimo akija kwako, muulize maswali mpaka uridhike; ni haki yako. Ukisharidhika, usingoje amri wala mradi. Waite wenzako watano kabla ya mvua, mpime mstari wa kwanza. Na kama babu yako alikuachia tuta, nenda ukalitazame leo: palipobomoka pazibe, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwaheri, na mvua njema.